Trakta moja, alternata mbili: historia ya waya za Massey yetu



Kwenye mkutano mkuu wa mwisho, mama mmoja wa kikundi cha mahindi alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo mdomoni: "Kwenye hesabu tumeona alternata mara mbili. Trakta iko moja. Ile ya kwanza ilienda wapi?" Watu walicheka. Mama hakucheka, na alikuwa na haki. Pesa ya alternata ya kwanza ilitoka kwenye likelemba ya wanachama, na ya pili ilitoka kwa wafadhili wanaosoma kurasa hizi. Siku ile tuliahidi kujibu kwa maandishi, kila mtu asome.

Jibu fupi ni hili: alternata ya kwanza tuliiunguza sisi wenyewe, muda wa kupepesa jicho. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeuza. Jibu refu linaanzia mbali, kwa sababu mkono haukukosea. Mkono ulikaza kila buloni vizuri. Tulikosea kwa kutojua historia ya kitu tulichokuwa tunashika. Basi mtuvumilie kidogo. Tutapita Uingereza, tutapita Lubumbashi na Zambia, halafu tutarudi hapa Mokambo, chini ya mwembe wa biro, pale moshi ulipotoka.

Trakta ya Coventry

Trakta yetu ni Massey Ferguson 35 ya dizeli, yenye mashine ya Perkins ya silinda tatu. Bonneti nyekundu, tumbo la kijivu. Watoto wa Mokambo wanaiita Massey tu, kama vile wazee wengi wa Zambia, Kenya na Tanzania wanavyoziita trakta za ukoo huo.

Mzazi wake ni Ferguson ndogo ya kijivu, TE20, iliyoanza kutengenezwa mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland, alikuwa amefikiri sana juu ya jambo moja: trakta za wakati ule zilivuta jembe kama ng'ombe anavyovuta gogo, na jembe likikwama kwenye jiwe, trakta iliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Yeye alifunga jembe kwa mikono mitatu nyuma ya trakta, likainuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta, hata jembe na trakta zikawa kitu kimoja. Mpaka mwaka 1956 zilikuwa zimetengenezwa TE20 zaidi ya nusu milioni. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1958, Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiwa juu ya Ferguson hizo. Trakta iliyofika kwenye barafu ile isingeshindwa na udongo wa Sakania.

Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Mwaka 1956 ikatoka trakta mpya, ile 35, na muda mfupi baadaye ikavaa rangi nyekundu na jina la Massey Ferguson. Iliendelea kutengenezwa Coventry mpaka mwaka 1964, ilipopisha 135. Kwa hiyo Massey yetu ilizaliwa wakati Kongo inapata uhuru, au karibu na hapo. Ni rika moja na wazee wetu wa baraza.

Umeme ulivyopanda juu ya trakta

Trakta za kwanza hazikuwa na batri. Dereva aliwasha mashine kwa mkono, kwa kile chuma kilichopinda ambacho wazee wanaita manivela. Mashine ikigoma na kurudi nyuma, manivela ilivunja mkono wa mtu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza magari yenye mota ya umeme ya kuwashia, kazi ya Charles Kettering. Mota hiyo ndiyo ile mafundi wa kwetu wanaita demarere, na wa ng'ambo wanaita stata. Ukiwa na demarere unahitaji batri. Ukiwa na batri unahitaji kitu cha kuirudishia umeme uliotumika. Ndivyo dinamo ilivyoingia.

Mwanzoni nyingi zilikuwa za volti 6. Hapa hesabu ni ndogo, kila mtu anaweza kuifuata. Nguvu ya umeme, yaani wati, ni volti mara ampea. Taa ya wati 36 kwenye volti 6 inakula ampea 6. Kwenye volti 12 inakula ampea 3 tu. Ampea zikiwa nyingi, waya lazima uwe mnene, na kila kifungio chenye kutu kinameza nguvu njiani. Trakta ya Ford 8N, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1947 mpaka 1952, ilikuwa ya volti 6, na walio nazo mpaka leo wanahangaika kuzipandisha ziwe 12. Dizeli ndiyo inahitaji zaidi, kwa sababu haina cheche: inabana hewa ndani ya silinda mpaka hewa ipate moto wa kuwasha mafuta, na kuzungusha mashine iliyobana hivyo si kazi ya umeme mdogo.

Massey yetu ilikuwa tayari na volti 12. Kwa upande huo hatukuwa na shida.

Shida ilikuwa kwenye kitu kingine. Kwenye trakta, waya haziendi mbilimbili mpaka kila taa. Unakwenda waya mmoja, na umeme unarudi kwenye batri kwa njia ya chuma cha trakta yenyewe. Upande wa batri uliofungwa kwenye chuma, mafundi wa Lubumbashi wanauita masi. Leo karibu kila gari lina masi ya kutoa (–). Lakini Waingereza, kuanzia miaka ya 1930 mpaka katikati ya miaka ya 1960, walifunga magari mengi kinyume: upande wa kujumlisha (+) ndio uliokwenda kwenye chuma. Kampuni ya Lucas ya Birmingham, iliyotengeneza dinamo, taa na visanduku vya umeme vya magari mengi ya Uingereza, ilishika desturi hiyo. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba vifungio vya shaba vililiwa kidogo na kutu, na cheche ya petroli iliruka vizuri zaidi.

Sisi wa Mokambo tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine. Lori likitoka Mufulira linashika kushoto. Likishavuka bariere linashika kulia. Kushoto si kosa, na kulia si kosa. Hatari ni ya dereva aliyevuka bila kuambiwa.

Diodi: mlango wa upande mmoja

Desturi ile ya Waingereza iliisha pamoja na dinamo yenyewe. Dinamo ni mashine nzito. Umeme wake wote unapita kwenye vipande vya makaa vinavyosugua shaba inayozunguka, na vyote viwili vinaisha. Mashine ikizunguka polepole, dinamo haitoi kitu. Dinamo ya Lucas aina ya C40, iliyofungwa kwenye magari na trakta nyingi za wakati ule, ilifika ampea 22 ikiwa nzima na inazunguka kwa kasi.

Alternata ilijulikana zamani, ila umeme wake unakwenda na kurudi, na batri haiwezi kuula hivyo. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo cha kuunyoosha. Hicho ni diodi ya silikoni. Diodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme unatoka, haurudi. Diodi zilipokuwa ndogo na za bei nafuu, alternata ikaingia kwenye magari ya kila siku. Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye gari lake la Valiant mwaka 1960. Lucas nao wakafuata. Alternata yao ya 17ACR, ya miaka ya 1970, inatoa ampea 36, ina regulata yake ndani ya tumbo, na inasharji hata mashine ikipumua polepole.

Lakini mlango wa upande mmoja una sharti lake. Ukifunga batri kinyume, milango yote inakuwa imefunguka, na batri nzima inajimwaga ndani ya diodi kwa mara moja. Dinamo ingesamehe kosa hilo. Alternata haisamehi.

Mashine zilivyofika mpakani

Mtu anaweza kuuliza: trakta ya Waingereza inafanya nini katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji? Jibu ni reli. Reli ya Katanga haikutoka baharini upande wa Matadi. Ilipanda kutoka kusini. Ilifika Sakania mwaka 1909 na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Tangu hapo vitu vingi vya Katanga vilipanda na njia ileile ya kusini: makaa ya mawe, mahindi ya kulisha wafanyakazi, mashine, hata maneno. Migodi ilikuwa pande mbili za mpaka, na mpaka ulikuwa mstari juu ya udongo mmoja.

Umeme nao ulivuka. Mwaka 1956 umeme wa mabwawa ya Katanga ulianza kupelekwa mpaka Kitwe, kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Nguzo kubwa zilipita juu ya mashamba ya watu waliokuwa wanawasha vibatari. Wengi wetu tunazijua nguzo za namna hiyo. Kwa mkulima, umeme alioweza kuushika kwa mkono ulikuwa ule wa batri.

Halafu ikaja miaka ya 1970. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1973, Rhodesia ya Kusini ilifunga mpaka wake na Zambia. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, Rais Mobutu alitangaza mashamba na maduka ya wageni yachukuliwe na raia, na mengi yalianguka mikononi mwa watu wasiojua kuyaendesha. Mwaka 1975 vita ya Angola ikakata reli ya Benguela. Njia za vipuri zikaziba moja baada ya nyingine. Trakta nyingi zilisimama kwa kukosa kitu ambacho mtoto angekibeba kwa mkono mmoja: makaa ya dinamo, mkanda, regulata.

Watu nao walipita njia hizohizo. Vita iliyoanza mwaka 1998 ilisukuma maelfu ya Wakongo kuingia Zambia. Kambi ya Mwange ilifunguliwa mwaka 1999, Kala mwaka 2000. Wengine walikwenda Meheba, ambayo ilikuwepo tangu 1971. Safari za kurudi zilizopangwa na UNHCR zilianza mwaka 2007 na kwenda mpaka 2010, Kala na Mwange zikafungwa. Wengine walikimbia tena, na Mantapala ikafunguliwa mwaka 2018. Wanachama wetu wako wa kila wimbi. Kila aliyerudi aliandikwa kwenye karatasi: watu wangapi, mifuko mingapi, vyungu vingapi. Hatukumbuki kuona karatasi yenye nafasi ya kuandika: anajua nini.

Msimu wa kichuguu

Massey yetu tuliinunua kwa mkulima wa ng'ambo aliyekuwa ameiacha chini ya mti. Mashine yake ilikuwa nzima. Jembe lake la diski tatu lilikuwa zima. Umeme wake ulikuwa umekufa: dinamo ilikuwa imeungua ndani, waya zilikuwa zimeliwa na panya, kisanduku cha regulata kilikuwa nyumba ya mchwa.

Msimu mzima tuliiwasha kwa kichuguu. Wafadhili wa Ulaya wasicheke. Vichuguu vya Katanga ni vilima vya kweli, vingine virefu kuliko nyumba. Tulichonga ubavu wa kimoja ukawa mteremko, na kila jioni dereva alipandisha trakta pale akaweka mawe chini ya magurudumu. Asubuhi vijana walitoa mawe, trakta ikateremka, dereva akaachia klachi, mashine ikaitika. Ikizimika katikati ya shamba, kazi ilisimama mpaka wapatikane watu kumi wa kusukuma, au trakta nyingine ya kuivuta. Kwa hiyo haikuzimwa. Ilinguruma mchana kutwa hata wakati wa kula, ikinywa mazuti ambayo wanachama walilipia. Na asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi, jiwe liliteleza na kijana mmoja akabanwa mguu. Mungu alisaidia, mfupa haukuvunjika. Siku hiyo komite iliamua: tusubiri bei yoyote, lakini kichuguu basi.

Kwa nini alternata na si dinamo nyingine? Wengine waliuliza. Dinamo mpya ya aina ile haipatikani kirahisi, na ile ya mtumba inakuja na uzee wake. Alternata za mitumba ziko Lubumbashi, ziko Ndola, kila fundi wa magari anazijua, na vipuri vyake viko. Tena tulitaka taa za kufanya kazi jioni na kuvuta remoki ya mavuno usiku bila kumaliza batri. Ampea 22 mara volti 12 ni wati 264, tena kwa dinamo nzima. Ampea 36 ni wati 432. Hesabu ilikuwa wazi.

Moshi chini ya mwembe

Alternata ya kwanza ilifika mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na familia za zamu ya kwanza zilikuwa zimeshalipa mazuti. Tulimwita kijana wetu fundi, mtu mwaminifu, anayejua gari za Toyota kama anavyojua mfuko wake. Tulimwambia afanye haraka. Neno hilo, haraka, lilitoka kwetu wa biro, yeye hakuliomba.

Alifunga alternata kwenye kishikizi kipya. Mkanda ulinyooka vizuri. Halafu akatafuta waya wa moto, yaani ule wa batri usiofungwa kwenye chuma, akaupeleka kwenye kifungio kikubwa cha alternata. Kwa Toyota waya huo ni wa kujumlisha (+), kila siku, bila swali. Kwa Massey yetu, iliyokuwa bado na desturi ya zamani, ulikuwa wa kutoa (–). Alipogusisha mwisho wa waya, kulikuwa na mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, halafu harufu, halafu moshi mweupe. Akautoa haraka akiungua vidole. Alternata ilikuwa imekufa kabla mashine haijazungushwa hata mara moja.

Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo. Tulirudi kwenye kichuguu, lakini mteremko ulikuwa umekuwa tope na magurudumu yakakwama. Zamu ya kwanza ililimiwa kwa kusuasua. Zamu ya pili haikulimiwa kabisa. Watu walishika majembe ya mkono, wakapanda kwa kuchelewa. Mama aliyeuliza swali kwenye mkutano ni wa zamu ya pili. Mwaka ule alilima nusu ya shamba lake. Ndiyo maana hakucheka.

Papa aliyerudi na kazi yake

Aliyetuonyesha kosa si mtaalamu tuliyemwita. Ni mzee wa chama, aliyekuja biro kuuliza habari ya mbegu. Alikuwa Meheba miaka mingi, na miaka kadhaa alifanya kazi ya umeme kwenye garaji upande wa Solwezi, bila cheti, analipwa kwa siku. Kwenye daftari letu aliandikwa "mkulima". Alipoona alternata juu ya meza, aliinusa, akaenda kwenye trakta, akainama kutazama ile kamba nene inayotoka batri kwenda kwenye chuma. Akacheka polepole.

"Bana, hii mashine iko ya Wangereza ba zamani. Masi yake iko ku kujumlisha. Mbele ya kuivalisha kitu ya leo, mugeuze batri. Mulikosa kumuuliza alizaliwa wapi?"

Kijana wetu alimjibu, "Papa, nani angejua?" Mzee akasema, "Miye nilijua. Hamukuniuliza."

Tuliandika neno hilo kwenye ripoti kama lilivyo.

Kazi aliyoifanya

Alternata ya pili ilipofika kwa msaada wa wafadhili, mzee aliongoza na kijana akashika vyombo. Tunaandika hatua zake hapa kwa ajili ya vyama vingine vyenye trakta za zamani.

Kwanza alitoa batri kabisa, akaandika kila waya kwa kipande cha plasta. Waya zilizoliwa na panya alizitupa zote, hakuunga hata moja. Alisema waya ulioungwa gizani utakusaliti gizani.

Pili aligeuza batri: upande wa kutoa (–) kwenye chuma, na chuma chenyewe akakisugua mpaka king'ae, kwa sababu rangi na kutu vinazuia umeme. Hapa kuna mtego mdogo: kichwa cha kujumlisha cha batri ni kinene kuliko cha kutoa, kwa hiyo vibano vya zamani havikai vizuri vikibadilishana. Alinunua vibano vipya.

Tatu, vitu ambavyo havikuhitaji kuguswa. Demarere ya zamani inazunguka upande uleule hata ukigeuza batri. Taa hazijali. Dizeli haina koili ya cheche. Kama tungebaki na dinamo, ingetosha kugusisha waya wa moto wa batri mara moja kwenye kifungio chake chenye herufi F, ili chuma chake kishike upande mpya, na kazi ingeisha hapo.

Nne, alternata. Waya mnene ulikwenda kwenye batri, na waya mwembamba kwenye taa ndogo ya onyo ya dashibodi. Taa hiyo si pambo. Umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha alternata. Balbu yake ikiungua, alternata inaweza kulala. Kisanduku cha regulata kilitolewa kazini, maana alternata ina yake ndani. Ampemita yetu ya zamani iliandikwa 30, na alternata inaweza kupita hapo, hivyo umeme wa kusharji hatukuupitisha ndani yake. Tuliweka mita ndogo ya volti. Na tuliweka fyuzi, kitu ambacho trakta hii haikuwa nacho tulipoinunua.

Tano, kabla ya kufunga batri kwa mara ya mwisho, alimwita dereva, kijana fundi na mmoja wetu wa biro. Kila mmoja alisoma kwa sauti alama za batri na kuonyesha kwa kidole zinakokwenda. Tulijiona kama watoto wa shule. Hakuna aliyelalamika.

Halafu akaandika kwa rangi nyeupe kwenye tumbo la trakta, karibu na batri: MASI (–). Na akaacha amri mbili: msitoe batri mashine ikiwa inanguruma, na fundi akitaka kuchomelea chuma chochote cha trakta, alternata ifunguliwe waya kwanza. Vyote viwili vinaua diodi.

Dereva aligeuza ufunguo. Massey iliitika mara ya kwanza, juu ya ardhi tambarare.

Hesabu tunayowiwa

Msimu huu trakta haijalala kwenye kichuguu hata siku moja. Mashine inazimwa wakati wa kula. Zamu ya pili ilianza kulimiwa kabla ya ya kwanza, kwa uamuzi wa komite, na shamba la mama yule lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Hilo halirudishi mahindi ya mwaka uliopita, na hatutaki kusema kwamba linarudisha.

Wafadhili wengine walituuliza kwa nini tusiombe trakta mpya badala ya kutengeneza ya zamani. Trakta mpya ni nzuri, na ikija tutaipokea. Lakini nayo itakuja na desturi zake, na kama hatuna mtu wa kuzisoma, itafika siku itasimama chini ya mti kama hii ilivyosimama. Massey inafunguliwa kwa spana za kawaida na kila kitu chake kinaonekana. Kwa sasa ni shule yetu pia: vijana wawili wanajifunza umeme kwa mzee kila Jumamosi, na chama kinamlipa kama mwalimu.

Jambo la mwisho ni ombi kwa wanachama. Kuanzia mwezi huu tunafungua upya daftari la chama. Tutapita kila lupango na swali moja ambalo hatukuwahi kuuliza: ulipokuwa ng'ambo, ulifanya kazi gani, na mikono yako inajua nini? Aliyeshona, aliyejenga, aliyezalisha akina mama, aliyekata nywele, aliyetengeneza redio, wote waseme, hata kama hawana cheti. Kuuliza si ujinga. Sisi tumejifunza bei ya kutouliza, na risiti yake iko.

Risiti zote mbili za alternata ziko biro, kwenye faili ya trakta. Na ile iliyoungua hatukuitupa. Mzee aliifungua, akatoa diodi zilizoungua, na sasa iko kwenye meza ya mafunzo ya Jumamosi. Anayetaka kuiona aje.